Sema Bei Yako, Kisha Nyamaza

Mama wa kwanza kuniletea mtoto alikuja getini saa mbili usiku, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, maana kilikuwa kimekatika kwenye daladala. Ni jirani wa nyumba ya tatu. Dada yake wa kazi alikuwa ameondoka asubuhi ile bila kuaga, na kesho yake yeye alitakiwa kazini saa moja na nusu. Akaniuliza, "Mama, nikikuletea mtoto utachukua shilingi ngapi?" Nami, ambaye wiki tatu nzima nilikuwa natandika mikeka na kununua vikombe vya plastiki nikilisubiri swali hilohilo, nikashikwa na haya. Nikamjibu, "Wewe leta tu jirani, utatoa utakachojaliwa."

Alijaliwa elfu moja. Siku nyingine alijaliwa shukrani.

Sikuwa na haki ya kumlaumu. Nilimwachia yeye kazi ya kupanga bei yangu, naye akaipanga kama mnunuzi yeyote angeipanga. Kuirekebisha kulinichukua miezi minne, na salamu zetu zilipoa karibu mwaka mzima. Ndiyo maana naandika haya kwa ajili yako unayetaka kulea watoto wa wenzako sebuleni kwako, iwe hapa Dar es Salaam au mji mwingine ambao akina mama wanatoka alfajiri na kurudi giza limeingia.

Haya hiyo ina asili yake. Tumekua tukiona mtoto akibebwa na yeyote aliye karibu. Bibi hakuwa na ada, shangazi hakuandika risiti. Kulea kulihesabiwa kuwa tabia njema, na mtu hauzi tabia njema, kama asivyouza salamu. Lakini bibi alilea mjukuu huku akipalilia mihogo yake mwenyewe, na msimu wa mavuno mama wa mtoto alikuwa shambani naye, akilipa kwa jembe. Wewe umeacha kukaanga maandazi, au umefunika cherehani yako kitambaa, ili ukae na mtoto wa mtu kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Hakuna atakayekuja kukulimia.

Kabla ya kushika kalamu, basi, jua unachouza. Wengi hudhani wanauza uji, chakula cha mchana na kubembeleza. Uji ni sehemu ndogo. Unauza saa zako, na unauza nafasi moja kati ya chache ulizo nazo. Ukilishika hili, maswali mengi yatakayokuja baadaye, la mtoto aliyeumwa, la mama aliyechelewa, la sikukuu, utayajibu bila kuumiza kichwa. Ukiliachia, kila mwisho wa mwezi utabishana na watu kuhusu vikombe vya uji.

Nafasi zihesabu kwanza, bei ije nyuma. Kipimo changu ni cha kutisha kidogo: jiko la gesi likishika moto saa saba mchana, watoto wote wamelala, nitatoka na wangapi? Nina mgongo mmoja na mikono miwili. Mchanga anakaa mgongoni, wawili wa miaka miwili nawashika mikono, na wakubwa wawili wa miaka mitatu na nusu wanatangulia mlangoni nikiwapigia kelele. Hao ni watano. Wa sita sijui atatokaje, kwa hiyo simpokei. Wapo wanaolea watoto kumi na tano peke yao katika chumba kimoja, na bei yao ni ya chini kuliko yangu. Sishindani nao, na nakushauri usishindane nao, maana ili uifikie bei ile lazima kwanza ujaze chumba kama walivyojaza wao.

Sasa hesabu. Namba nitakazotumia ni za mfano, za sokoni kwako ziweke mwenyewe, ila usiruke mstari hata mmoja.

Anza na tumbo. Uji wa lishe asubuhi, mchana wali maharage au ugali na dagaa, saa tisa kipande cha papai au ndizi. Tuseme ni shilingi 900 kwa mtoto kwa siku. Watoto watano, siku 22 za kazi, inakuja 99,000 kwa mwezi. Gesi ya kupikia, 30,000. Maji, sabuni na dawa ya kusafishia choo, 20,000, na huu ndio mstari ambao wanaoanza huusahau, kwa sababu hawajui kwamba mtoto mmoja anayejifunza kukaa kwenye poti anakunywa maji ya nyumba kuliko bustani ya mchicha. Nyongeza ya LUKU, 8,000. Halafu kuna vile vitu ulivyonunua kabla ya kuanza: magodoro madogo, mikeka, poti, vikombe, kigeti cha mbao cha kuwazuia wasiingie jikoni, mtungi wa kuzimia moto, sanduku la huduma ya kwanza. Kama vyote vilikugharimu 360,000, usiseme "hiyo nilishatoa, imeisha." Godoro la mtoto halimalizi miaka mingi, unalijua mwenyewe. Gawa kwa miezi 24, utapata 15,000 za kuweka pembeni kila mwezi. Jumla ya yote hayo ni 172,000.

Hapo ndipo wengi huweka kalamu chini. Wanagawa 172,000 kwa watoto watano, wanapata 34,400, wanaongeza kidogo wakidhani hiyo ndiyo faida, wanatangaza elfu arobaini. Fanya hesabu hiyo mpaka mwisho uone uchungu wake. Watoto watano kwa 40,000 ni 200,000. Toa 172,000. Inabaki 28,000. Umekaa na watoto siku 22, saa kumi na mbili kila siku, yaani saa 264. Umelipwa shilingi mia moja na ushee kwa saa. Muuza karanga wa kituoni anakucheka.

Kosa ni kwamba katika orodha ile yote ya maharage na sabuni, wewe mwenyewe hukuandikwa. Mshahara wako si kile kinachobaki. Ni mstari kama mistari mingine, na unaandikwa kabla ya kugawa. Kiasi gani? Jiulize kazi uliyoiacha, au ambayo ungeifanya kesho ukiamka, ingekupa nini baada ya kutoa mtaji. Kama maandazi na chapati vilikuwa vinakuachia 10,000 kwa siku, basi siku 22 ni 220,000, na hiyo ndiyo namba ya kuandika. Ukijumlisha na 172,000 unapata 392,000. Gawa kwa watano, ni 78,400 kwa kila mtoto.

Usiitangaze bado. Nafasi tano hazitajaa mwaka mzima. Mtoto mmoja atatimiza umri wa shule ya awali, mwingine wazazi wake watahamia Mbagala, bibi wa mwingine atakuja kutoka Singida na kukaa miezi mitatu. Kwangu mimi, tangu nianze, ni miezi michache sana nimekuwa na watano kamili kuanzia tarehe moja hadi thelathini. Kwa hiyo fanya hesabu ileile ukiwa na wanne. Chakula kinapungua 19,800, gharama nyingine hazisogei, jumla inabaki 372,200, na kila mtoto anatakiwa kubeba 93,050. Bei yako ya haki iko mahali fulani kati ya 78,400 na 93,050. Tuseme 85,000. Wakiwa watano utabakiwa na 253,000. Wakiwa wanne utabakiwa na 187,800. Wakiwa watatu, 122,600, na hapo ujue unatakiwa kutafuta mtoto wa nne haraka. Hata katika mwezi mzuri wa watoto watano, saa yako moja bado haijafika shilingi elfu moja. Kumbuka hilo siku mtu atakapokwambia una bei ya kitajiri.

Watu wakisikia 85,000 wanakimbilia kuuliza majirani wengine wanachukua ngapi. Na wewe uliza, lakini uliza vizuri. Bei ya 50,000 ambayo mtoto anakuja na hotipoti yake si ndogo sana kuliko 85,000 ambayo mtoto anakula kwako. Mimi napika mwenyewe, na sijutii. Nilijaribu hotipoti mwezi mmoja. Mtoto mmoja alikuja na chipsi na soseji, mwenzake ugali wa jana uliopoa, na saa saba mchana wote watano walikuwa wanatazama sahani moja. Chungu kimoja kinapunguza vilio.

Lakini mshindani wako mkubwa si mlezi wa mtaa wa pili. Ni dada wa kazi. Mzazi anayesimama getini kwako kichwani anapiga hesabu ya dada, hata kama hasemi, na ni vizuri na wewe uijue. Amri ya kima cha chini cha mshahara iliyoanza kutumika Januari 2023 iliweka shilingi 60,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa nyumbani anayelala kwa mwajiri, na 120,000 kwa asiyelala hapo. Amri hizi hupitiwa upya, kwa hiyo ulizia kiwango cha sasa. Mzazi akisema "dada nampa sitini," muulize kwa upole anakula wapi, analala wapi, sabuni na mafuta yake nani ananunua, nauli ya kwenda kwao Desemba inatoka kwa nani. Atajumlisha mwenyewe. Wala usimseme vibaya dada wa kazi ili upate mteja, wengi wao ni wasichana wadogo wanaofanya kazi ya watu watatu. Wewe sema tu ulicho nacho: nyumba haina televisheni inayowaka kutwa, kuna watoto wenzake wa kucheza nao, na mwenye nyumba haondoki bila kuaga.

Mtoto mchanga ni habari nyingine kabisa, na hapa ndipo walezi wapya wanapopoteza fedha nyingi bila kujua. Likizo ya uzazi ya kisheria Tanzania ni siku 84, au 100 kwa aliyejifungua pacha. Maana yake mama anaporudi kazini mtoto hajafikisha hata miezi mitatu. Mtoto wa umri huo hashiriki mgongo na mtu. Anashika nafasi moja kamili na nusu ya nyingine, kwa sababu ukiwa naye huwezi kupokea wakubwa wale uliowazoea. Kwa hiyo bei yake ni moja na nusu. Kwa mfano wetu ni 127,500, sema 125,000, pampasi zikiwa juu ya mzazi.

Wazazi wengi hushangaa: "Kwani si hali chakula, anakunywa maziwa yangu tu?" Hapo waambie habari ya maziwa yenyewe. Maziwa ya mama yaliyokamuliwa hukaa salama kama saa nne hivi katika chumba chenye nyuzijoto 25 au chini ya hapo, na chumba cha Dar es Salaam mwezi Februari hakijui 25 ni nini. Lazima yakae kwenye friji. Friji ikiwaka kutwa, nyumba iliyokuwa inajibana ndani ya uniti 75 za TANESCO kwa mwezi inavuka, na ukivuka bei ya uniti inaruka zaidi ya maradufu. Mtoto mmoja anayenyonya anaweza kuipeleka nyumba nzima kwenye bei nyingine ya umeme. Mzazi akielezwa hivyo, mara nyingi anaelewa kuliko ukimwambia "mchanga ana usumbufu."

Pia muulize anafanya kazi wapi. Sheria ya ajira inamruhusu mama anayenyonyesha kutoka kwenda kunyonyesha hadi jumla ya saa mbili kwa siku wakati wa kazi. Aliye karibu anaweza kuja mchana, na wewe ukapunguza kidogo ukipenda. Wengi hawalijui hilo, na umemfanyia jambo kubwa hata asipokuletea mtoto.

Sasa kuna akina mama ambao mwezi si lugha yao. Mama lishe, muuza samaki wa Feri, dada wa saluni, hawa wanapata kwa siku na wanalipa kwa siku. Usiwakatae, ila usiwape bei ya mwezi iliyogawanywa. Elfu 85 kwa siku 22 ni kama 3,860. Anayelipa kwa siku anaweza asije kesho, na nafasi yake huwezi kumpa mwingine jioni ile. Kwa hiyo analipia uhuru wake. Mimi ningesema 4,500, zilipwe asubuhi mtoto anapoingia, si jioni anapotoka. Jioni huwa kuna sababu. Asiyeweza asubuhi alipe wiki nzima Jumatatu kwa 4,200. Na yote yapite kwenye simu hata kama ni jirani wa ukuta mmoja, kwa sababu ujumbe wa muamala haubishani na mtu.

Anayelipa kwa mwezi alipe mwanzo wa mwezi. Sina mengi ya kuongeza hapo. Ukilea kwanza ukalipwa baadaye umekuwa mkopeshaji, na riba huna.

Kitu kigumu kuliko vyote kukitamka ni hiki: mtoto asipokuja, ada haipungui. Nilikwepa kukisema mwaka mzima. Kisha Januari 2024 ukaja ugonjwa wa macho mekundu, mji ukafuta macho wiki kadhaa, na kwangu walibaki watoto wawili kati ya watano. Wazazi watatu walitaka kukatwa siku ambazo watoto hawakuja. Uji ulikuwa umepungua, ni kweli, tena nilikuwa tayari kuwarudishia ya uji, shilingi 900 kwa siku. Lakini nilikuwa nimekaa nyumbani saa zilezile kumi na mbili, na nafasi zao zilikuwa zimelala pale zikiwasubiri. Nilipowaeleza hivyo, kwamba wanalipia nafasi kama mwanafunzi wa bweni anavyolipia kitanda hata akienda kwao wikiendi, wawili walikubali papo hapo. Wa tatu alinuna wiki moja. Sasa imeandikwa: asipokuja kwa sababu zake, ada iko palepale. Nikifunga kwa sababu zangu, nimeumwa au nina msiba, siku hizo nazitoa. Sikukuu za kitaifa, Idi na Pasaka zimo ndani ya ada. Wiki mbili za mwisho wa Desemba nafunga na sitozi, na ndiyo sababu mojawapo ya bei kukaa juu ya ile 78,400.

Kanuni hii ina faida nyingine ambayo sikuitegemea. Mzazi aliyejua kwamba atakatiwa siku za ugonjwa alikuwa ananipigia simu anauliza, "Ana joto kidogo, utanipunguzia?" Sasa ananiuliza tu kama mtoto mwenye joto anaruhusiwa kuja. Haruhusiwi.

Kuchelewa. Hapa nitakupeleka mbali kidogo. Mwaka 2000 wachumi wawili, Uri Gneezy na Aldo Rustichini, walichapisha utafiti walioufanya katika vituo kumi vya kulelea watoto mjini Haifa, Israeli. Baadhi ya vituo vilianza kutoza faini ya shekeli 10 kwa mzazi anayechelewa zaidi ya dakika kumi. Ungetegemea wachelewaji wapungue. Waliongezeka karibu maradufu, na faini ilipofutwa hawakurudi walipokuwa mwanzo. Kabla ya faini mzazi alichelewa huku akiona aibu kwa mwalimu aliyekaa anamsubiri. Baada ya faini akaona amenunua muda ule, tena kwa bei poa.

Niliposoma habari hiyo nilijiona mwenyewe. Nilikuwa natoza shilingi 500 kwa kila kuchelewa, bei ya soda. Mama mmoja alikuwa ananipa elfu mbili na mia tano Jumatatu, "ya wiki nzima hiyo, mama," na kweli wiki nzima alikuja saa mbili usiku akiwa na furaha zake. Kwa hiyo chagua moja kati ya mawili. Ama usitoze chochote, uiachie aibu ifanye kazi yake, na ukae na mtu mazungumzo ya uso kwa uso akizoea. Ama utoze bei ambayo wewe mwenyewe, mtu akikuambia atachelewa, utasema moyoni "chelewa tu." Ile ya katikati ndiyo inayokula watu. Kwangu ni shilingi 2,000 kwa kila nusu saa kuanzia saa kumi na mbili na robo, karibu mara nne ya saa yangu ya kawaida, na mwisho ni saa mbili usiku. Zaidi ya hapo hakuna bei, kuna mazungumzo. Siku Jangwani imejaa maji na mwendokasi umesimama sitozi kitu, maana mvua ile sote tunaiona.

Na ndugu? Shemeji yako atakuja. Rafiki mliyeimba naye kwaya moja atakuja. Mjane wa mtaa wa pili atakuja, na huyu hata wewe utataka umsaidie. Msaada si tatizo, tatizo ni msaada usio na kipimo. Kwenye daftari langu kila mtoto ameandikiwa bei kamili. Nikimpunguzia mtu, naandika pembeni nimetoa kiasi gani, kama ninavyoandika mchango wa harusi au wa msiba. Kwa nafasi tano naweza kubeba mtoto mmoja wa nusu bei. Wa pili akija namwambia nafasi ya msaada imejaa, jambo ambalo ni kweli na halimuumizi mtu kama "siwezi." Shemeji yangu anayefanya kazi benki analipa bei kamili. Alinuna, akazoea.

Umelitaja daftari, utaniambia, na TRA je? Basi lifahamu hili, ni dogo lakini lina fedha. Kwa utaratibu ulioanza 2019, mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake hayazidi shilingi milioni 4 kwa mwaka hatozwi kodi ya mapato ya makadirio. Watoto watano kwa 85,000 miezi kumi na miwili ni 5,100,000, na hata ukitoa zile wiki mbili za Desemba bado umevuka. Kati ya milioni 4 na 7, asiyetunza kumbukumbu hulipa 100,000 kwa mwaka. Anayetunza hulipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4, kwa mfano wetu ni 33,000. Daftari la shilingi elfu moja limekuokolea 67,000. Hiyo kodi nayo igawe kwa miezi, iingie kwenye hesabu ya mwanzo.

Usajili usiukwepe. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka vituo vya kulelea watoto wadogo mchana viwe na kibali, na mlango wa kuingilia ni afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako. Nenda ukamuulize kabla hujanunua hata godoro, kwa sababu anaweza kukuambia choo kirekebishwe au uzio uinuliwe, na matengenezo hayo ni gharama inayotakiwa kuwa ndani ya bei tangu siku ya kwanza, si kupachikwa mwezi wa tano.

Maana kupandisha bei ni kugumu kuliko kuianza ikiwa sahihi. Mimi nililipia kosa la "utakachojaliwa" kwa kupanda ngazi tatu, kutoka elfu moja kwa siku hadi elfu mbili, kisha elfu mbili na mia tano, kisha bei ya mwezi, na kila ngazi ilikuwa ugomvi mpya. Kama lazima upandishe, toa taarifa ya mwezi mzima kwa maandishi, na usiguse Januari. Januari mzazi ana ada za wakubwa, sare, madaftari, na deni la Krismasi. Mimi napandisha Agosti, mwaka mpya wa fedha wa serikali ukiwa umeanza Julai na walioongezwa mishahara wakiwa wameshaiona. Nikipandisha, naonyesha mchele umepanda kwa kiasi gani, basi. Sielezi maisha yangu.

Yote haya yaandike kwenye karatasi moja, upande mmoja: saa za kufungua na kufunga, ada na siku ya kulipa, siku za kutokuja, kuchelewa, ugonjwa, vitu vya kuja navyo, namba ya simu ya mtu wa pili wa kumchukua mtoto. Sahihi mbili. Usiweke maneno ya mwanasheria, weka maneno unayoweza kuyasoma kwa sauti mbele ya mtu bila kuona haya. Kama sentensi inakuaibisha ukiisoma, ama hujaiamini ama haiko sawa.

Halafu fanya mazoezi, nami sitanii. Simama mbele ya kioo usiku useme bei yako. Utashangaa jinsi mdomo unavyotaka kuongeza maneno nyuma yake: "ila tunaweza kuongea," "ila kwa wewe," "najua hali ni ngumu." Kila neno unaloongeza ni punguzo. Mimi mwanangu mkubwa ndiye aliyenifanyia mazoezi, akijifanya mama mteja, anakunja uso na kusema "mh!" Mara ya nne ndipo nilipoweza kutaja namba na kufunga mdomo.

Mwaka jana yule jirani wa nyumba ya tatu alirudi. Amejifungua wa pili, likizo inaisha, kiatu safari hii kizima. Nikamkaribisha ndani, nikampa karatasi. Akauliza, "Huyu mdogo shilingi ngapi, mama?" Nikasema, "Laki moja na ishirini na tano kwa mwezi, inalipwa tarehe moja." Nikanyamaza. Feni ilikuwa inazunguka juu, nikaanza kuhesabu mizunguko ili nisiseme kitu. Aliisoma karatasi mpaka chini, akarudi juu, akauliza kuhusu friji. Nikamweleza. Akasema atamleta Jumatatu, na mimi nikamkumbusha aje na kadi ya kliniki na pampasi sita.